Usiku wa Mwisho wa Giza

Ukitaka kumkuta mvuvi wa dagaa nyumbani, nenda mwezi ukiwa mpevu. Siku za giza humpati: usiku yuko ziwani, asubuhi yuko mwaloni anapimiwa mzigo, mchana kalala fofofo. Mwezi ukikaribia kujaa, taa zake hazina kazi tena, kwa kuwa dagaa hawajikusanyi kwenye balbu wakati ziwa zima linang'aa. Hapo mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu zikazibwa matundu, watu wakarudi kwa wake zao na mashambani mwao. Mapumziko hayo huchukua wiki na ushee, mwezi hadi mwezi, na mimi niliyangoja makusudi ndipo nikakata tiketi ya Ukerewe.

Kisa kilianzia Kirumba, kwenye soko la samaki ambalo watu wa Mwanza wanaliita Mwaloni tu, bila maelezo zaidi. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa magunia, na ambaye ana mitumbwi yake kisiwani, alikuwa akilalamika huku akifunga mzigo kwa kamba. "Mimi na jirani yangu tunanunua betri duka moja, bei moja. Zake zinaingia mwaka wa pili. Zangu mwaka haziumalizi. Wewe mtu wa kuandika, nenda kaniangalizie nani ananiloga."

Meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, inachukua saa tatu na zaidi, kutegemea chombo na hali ya ziwa. Abiria hupanda juu kutafuta upepo. Mimi nilibaki chini kwenye mizigo, maana huko ndiko kwenye habari. Kulikuwa na kreti za soda, magodoro, saruji, bati, na ukutani betri zimepangwa zimesimama, zimefungwa pamoja kwa kamba ya manila. Nyingine mpya, bado zina nailoni. Nyingine kuukuu, vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani. Moja ilikuwa imelazwa ubavu juu ya gunia la sukari, na baharia alipoiona alipandwa na hasira. "Nani mwenye betri hii? Inamwaga asidi, isimamishe!" Kijana mmoja akaja mbio, akaisimamisha, akapangusa gunia kwa kiganja chake kisha akajifutia kwenye suruali. Suruali hiyo sidhani kama ilimaliza wiki.

Nansio ni mji mdogo usio na haraka. Kutoka hapo bodaboda ilinipeleka kati ya mihogo na michungwa mpaka mwalo mmoja wa upande wa kaskazini. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu. Mitumbwi ilikuwa imepangwa pua juu, na chini ya kivuli cha mmoja wazee walikuwa wanacheza bao.

"Shikamoo wazee."

"Marahaba. Karibu. Lakini umekuja na mwezi, mwanangu. Dagaa hakuna."

"Nimekuja kuangalia betri."

Wakacheka kwanza, halafu mmoja wao akaacha kete zake. Alivua kwa karabai tangu ujana wake na anazikumbuka bila kuzitamani. Karabai ilikunywa mafuta ya taa usiku kucha. Tone la maji ya ziwa likirukia kioo kikiwa cha moto, kioo kinapasuka. Utambi ukitikiswa na wimbi unabomoka kuwa majivu. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na mvuvi ambaye hakuwa amechakachua kitu akalipa pamoja na wachakachuaji. Ndiyo maana balbu za LED zilipoingia, mwalo haukuhitaji semina. Betri ikafungwa juu ya boya la mbao, balbu ikaning'inizwa juu yake, na boya likaachwa lielee gizani hadi dagaa wajae chini yake.

Hesabu ya taa hizo ni nyepesi, na inafaa kuijua kabla ya kuzungumzia kifo cha betri. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 70 ina, kwa makadirio ya karatasi, wati-saa 840. Usiitumie yote. Ukiishusha chini ya nusu usiku baada ya usiku unaifupishia maisha, hivyo halali yako ni wati-saa kama 420. Balbu tatu za wati 12 zikiwaka saa kumi zinakula 360. Inatosha, na kidogo kinabaki. Maana yake, kwa matumizi ya ziwani pekee, betri za yule mama hazikuwa na sababu ya kufa mapema hivyo. Kilichoziua kilikuwa nchi kavu.

Nahodha wake alinifungulia stoo. Ni chumba cha matofali ya udongo, kina nyavu, makasia, injini moja iliyofunikwa turubai, na betri zimepangwa juu ya mbao. Mbao zile nilizipenda ingawa hazikuhitajika. Wengi wanaamini sakafu ya saruji inanyonya chaji, imani iliyobaki tangu zama za betri zenye makasha ya mbao na mpira. Kasha la plastiki la leo halijali limewekwa juu ya nini. Nilitoa mita yangu ndogo, nikagusisha waya kwenye vichwa vya betri ya kwanza. Volti 11.7. Ya pili, 11.9. Ya tatu, 11.6.

Kwa asiyezoea tarakimu hizi: betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika bila kuchajiwa wala kutumiwa kwa saa kadhaa, husoma kati ya 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma 11.8, ni tupu. Kati ya shibe na njaa hapo pana volti moja isiyotimia, na mtu anayepima kwa kuwasha balbu hawezi kuiona tofauti hiyo mpaka amechelewa, kwa kuwa LED itawaka tu.

"Hizi zimelala tangu lini?"

"Tangu tufunge giza," nahodha alijibu. "Usiku wa mwisho tulirudi alfajiri, tukaziweka hapa."

"Bila kuchaji?"

Akaniangalia kama mtu anayesikiliza swali la mtoto. "Kaka, chaji inakatwa kwenye mzigo. Mzigo hakuna, chaji inatoka wapi?"

Hapo nilikaa chini, kwa sababu jibu lote lilikuwa limekwisha kutolewa. Mapato ya usiku huondolewa gharama kwanza: petroli ya injini, chakula, chaji ya betri. Kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na vibarua wake. Asubuhi inayofuata usiku wa mwisho wa giza, watu wanachukua mgao na kutawanyika, wengine hata kuvuka kwenda kwao. Hakuna anayekwenda ziwani usiku unaofuata, kwa hiyo hakuna anayeidai betri iliyojaa, na hakuna fungu la kuilipia. Itachajiwa mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, siku moja kabla ya kazi. Kwa mfuko wa siku ile ni busara tupu. Kwa betri ni hukumu.

Kinachotokea ndani yake kinajulikana tangu zamani. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza betri ya risasi ya kuchajiwa upya mwaka 1859, na kemia yake haijabadilika. Betri inapotoa umeme, mabamba yake yote mawili, la chanya na la hasi, hujivika salfeti ya risasi, huku asidi ikizidi kuwa maji. Ukichaji mapema, salfeti ile bado ni laini na inarudi kuwa kilichokuwapo. Ukiiacha, chembe zake hukua na kuwa fuwele ngumu zisizopitisha umeme vizuri, na sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo haifanyi kazi tena. Joto linaharakisha mambo. Wiki moja ya utupu haitaiua betri, na huo ndio ubaya wake, maana mtu haoni kosa. Inapunguza kidogo, mwezi unaofuata kidogo tena, mpaka usiku mmoja balbu zinafifia saa nane na dagaa wanatawanyika chini ya boya.

Jirani asiyeloga yeyote anachajisha kwa dada mmoja mwenye kibanda hatua chache kutoka mwaloni. Wavuvi wanamwita fundi, na nami nilimwita hivyo. Juu ya bati lake kuna paneli za sola. Ndani kuna kontrola ukutani, meza ndefu ya mbao, na betri zimeandikwa kwa chaki jina la mtumbwi na tarehe. Matofali mawili ya juu kila upande ameyaacha wazi. Betri ikichajiwa hutoa hidrojeni, hewa nyepesi inayopanda juu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kulipua. Kijana aliyeingia na sigara alitolewa nje kabla hajamaliza salamu. Mlangoni kwake pia kuna ndoo ya maji safi, kwa ajili ya yeyote atakayerukiwa na asidi, na miwani ya plastiki ambayo yeye mwenyewe anaivaa.

Alinionyesha kazi kwa betri moja iliyokuwa imemaliza kuchajiwa jana yake. Akachukua sarafu ya shilingi mia mbili, akaiingiza kwenye mfereji wa kifuniko, akazungusha. Vifuniko sita, vyumba sita, kila kimoja kina volti mbili na kidogo. Kisha akatoa hidromita: bomba la kioo lenye mpira juu na kielea kidogo ndani. Akabinya mpira, akatumbukiza ncha, akauachia polepole. Asidi ikapanda ndani ya kioo, kielea kikacheza, kikatulia. Akainama mpaka macho yakawa sawa na maji.

"Elfu moja mia mbili sitini na tano. Huyu mzima."

Chumba cha pili, 1265. Cha tatu, 1260. Cha nne na cha tano, 1260. Cha sita kikasoma 1205, naye akarudia mara mbili, kisha akachora msalaba wa chaki ubavuni. Chumba kimoja kikiachwa nyuma na vingine kwa zaidi ya pointi 50, alisema, betri hiyo imeshaanza safari yake, na mwenyewe aambiwe mapema aanze kudunduliza. Mita ya volti isingemwambia hivyo. Inakupa jumla ya vyumba sita, na kigonjwa kimoja kinajificha ndani ya jumla.

Halafu akaangalia maji. Mabamba yalikuwa yamefunikwa, lakini vyumba viwili vimepungua, akaongeza maji ya betri ya chupa mpaka chini kidogo ya shingo. Huongeza baada ya kuchaji, kwa kuwa asidi huvimba betri inapojaa na ukiwahi kuongeza itafurika. Kama mabamba yameanza kuonekana ndipo huongeza kidogo kabla, ya kufunika tu. Dukani, chupa ya maji hukaa jirani na chupa ya asidi, na wateja wake wengi hununua asidi wakiamini wanaipa betri nguvu. Kinachopungua ni maji. Asidi haipungui isipokuwa imemwagika. Ukiongeza asidi unayachoma mabamba, na hidromita itakudanganya kwamba betri imejaa. Maji ya ziwa nayo aliyakataa, pamoja na ya bomba. Yana madini ambayo yakishaingia hayatoki.

Ukungu wa kijani vichwani aliusafisha kwa kitu ambacho kila jiko la kisiwani linacho: magadi. Kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara, mswaki mkuukuu, na povu likafoka. Alisuuza, akakausha kwa kitambaa, akapaka mafuta ya mgando. Uchafu ule si wa kupuuzwa. Kasha lenye unyevu wa asidi hupitisha umeme kidogo kidogo kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na betri inajimaliza yenyewe stoo.

Yote hayo ni ufundi, na ufundi unafundishika kwa asubuhi moja. Alichonishinda nacho ni akili ya biashara. Mtumbwi unaochaji kwake hulipa kila asubuhi ya giza bei yake ya kawaida na nyongeza ndogo, ambayo yeye huiandika kwenye daftari upande wa mtumbwi huo. Nyongeza zile zikikusanyika usiku hadi usiku zinatosha chaji ya mwisho. Wavuvi wakiteremka alfajiri ya kufunga, betri zinapelekwa moja kwa moja kibandani, hazipiti stoo. Anazijaza taratibu, kwa ampea kama saba kwa betri ya 70, yaani sehemu ya kumi ya uwezo wake, mpaka volti zifike 14.4 na zisiendelee kudai. Anaziacha zipumzike, anapima, anaandika. Zile za watu wa mbali zinabaki mezani kwake kipindi chote cha mbaramwezi, zikishikiliwa na kontrola kwenye volti 13.6 hivi, kiasi cha kuzuia zisishuke bila kuzichemsha. Za watu wa karibu zinarudi nyumbani zimejaa, waya zote zimetolewa, na hazihitaji kitu. Betri nzima iliyojaa hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Hata kwa joto letu, mapumziko ya mbaramwezi hayaifikishi pabaya. Yaani siku kumi za uvivu si tatizo kabisa. Tatizo ni hali ambayo betri inaanza nayo uvivu huo.

Nilimuuliza kuhusu paneli inayounganishwa moja kwa moja na betri bila kontrola, maana nilikuwa nimeiona juu ya nyumba mbili njiani. Akaguna. Paneli ya aina hiyo inaweza kusukuma volti 18 na zaidi jua likiwa kali, betri ikiwa imeshajaa haina pa kuuweka umeme huo, inachemka na kukausha maji, mwenyewe akiwa shambani anadhani anaitunza. Kontrola ndogo ni rahisi kuliko betri, hilo halina mjadala.

Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri mzigo wake alitaka tujue kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Yeye ana betri ya lithiamu, aina ya fosfeti ya chuma, aliyoinunua Mwanza. Anainyanyua kwa mkono mmoja, haina maji, haina asidi, na inakubali kutumiwa karibu yote bila kununa. Ana haki ya kujivuna, kama mfuko unaruhusu. Ila alikuwa anaijaza pomoni na kuiacha hivyo kila mbaramwezi, akifuata kanuni ya wenzake. Lithiamu inataka kinyume: ikikaa bila kazi kwa muda, ikae nusu nusu, kivulini, isiwe tupu na isiwe imejaa kabisa. Fundi alilijua hilo na aliwahi kumwambia. Vijana hawasikii.

Jioni nilirudi na nahodha stoo, tukapakia betri zake kwenye toroli tukazipeleka kibandani. Mbili zilipokea chaji vizuri. Ya tatu ilijaa haraka mno, saa chache tu, na hiyo ni dalili mbaya: chombo kilichofupika hujaa upesi. Fundi alipima vyumba vyake, akatikisa kichwa.

Kuhusu zilizokufa, kuna jambo linalonisumbua. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, kwa hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu wanazipenda, na wapo wanaozivunja uani, wakamwaga asidi mchangani na kuyeyusha risasi kwa makaa, watoto wakizunguka. Risasi haina kipimo salama mwilini mwa mtoto. Mombasa wanalijua hilo kwa gharama kubwa: mtaa wa Owino Uhuru uliwekewa jirani kiwanda cha kuyeyusha betri, watu wakaugua, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania haki yao hadi akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi uliozua rufaa. Betri inayodumu miaka miwili badala ya mmoja ni risasi nusu tu inayopita mikononi mwa hao wavunjaji.

Nilimpigia simu mama wa Kirumba nikiwa bado Nansio, nasubiri meli. Nilimsomea tarakimu zangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza chaji ya usiku mmoja ni kiasi gani, na betri mpya ni kiasi gani. "Sasa mbona nahodha hakuniambia?" Nikamjibu kwamba nahodha hana fungu la kumwambia.

Basi kwenu wenye mitumbwi, wa Ukerewe na wa kwingineko kunakovuliwa kwa taa: chaji ya usiku wa mwisho wa giza ikateni kwenye mapato kabla hamjagawana, kama mnavyokata petroli. Msiiache kwa vibarua ambao kesho yake hawapo. Na wauzaji wa betri wa Mwanza, hidromita haina bei ya kutisha. Iwekeni kaunta, karibu na maji ya betri, mteja aione kabla hajaifikia chupa ya asidi.